Kuonja kwa Miguu

Kazi iliingia Jumanne usiku mwezi wa nne, stima zimepotea, simu imebaki na asilimia 18. Kurasa sita. Mada: jinsi wadudu wachavushaji wanavyotafuta na kuchagua mimea ya kutagia mayai. Mwenye asainmenti ni mwanafunzi fulani huko Marekani. Jina lake sikupewa, na langu yeye hakupewa. Malipo shilingi 300 kwa ukurasa, muda saa 36. Nilijibu "niko" kabla sijamaliza kusoma maagizo, maana kwenye lile kundi la WhatsApp ukisita dakika mbili kazi imeshanyakuliwa na mtu wa Juja.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Hivyo ndivyo ninavyojiita mbele ya watu wasionijua. Naandika maelezo ya viatu vya kuuzwa mtandaoni, wasifu wa wanaotafuta kazi, hotuba za harusi, na msimu ukikubali, insha za vyuo ambavyo sitawahi kuviona. Chuo nilichokiona kwa macho yangu nilikiacha mwaka wa pili. Muhula mmoja karo ilikosekana, nikakosa mtihani. Muhula uliofuata karo ikapatikana, mimi ndiye sikupatikana. Mama hakuambiwa. Nilimwambia nimepata ufadhili asitume tena pesa, na kwamba masomo mengi siku hizi ni ya mtandaoni, ndiyo maana niko nyumbani. Kwa hesabu yake nilikuwa mwaka wa nne. Desemba ningevaa joho.

Mama ana kitalu cha miche kando ya barabara ya Njoro, si mbali na mto. Ukipita na matatu utakiona: kivuli cha neti kuukuu, mistari ya mifuko myeusi ya plastiki, na kibao cha rangi ya buluu kisemacho MICHE YA MATUNDA NA MITI. Herufi ni zangu za darasa la saba, N moja imegeukia nyuma. Anauza parachichi, mikima, mitarakwa, na malimau ya kupandikizwa. Malimau ndiyo yanayoleta pesa. Mwaka huu alikuwa ametenga mistari minne nyuma kabisa, na hiyo hakumruhusu mteja kuigusa kabla ya Oktoba. Aliiita miche ya sherehe. Unajua sherehe gani.

Alianza pale baada ya 2008. Tulitoka upande wa Molo Januari ya mwaka ule, mimi nikiwa na miaka minne, tukalala Showground pamoja na maelfu ya wengine. Alipopata nguvu alizunguka akitafuta kipande cha kukodi. Nakumbuka kitu kimoja tu: kila shamba alichuchumaa, akasugua udongo viganjani, akaunusa, akainuka bila kusema neno. Matatu aliyaacha hivyo. La nne akalipa.

Basi Jumatano asubuhi, badala ya kufungua laptopu, nilienda nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya malimau. Nilijua ninachokitafuta. Nimeokota viwavi kwenye miche hiyo tangu nikiwa mdogo, kumi kwa shilingi moja, nikivitia kwenye mkebe wa Kasuku wenye maji na sabuni. Viwavi vichanga vina rangi ya kinyesi cha ndege, kahawia na doa jeupe, na ukikaa mbali hutashuku. Vikikua vinageuka kijani. Ukikigusa kinatoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali inayokaa kwenye vidole hadi jioni. Nilijua hayo yote. Sikuwa nimewahi kumtazama mama yao akifanya kazi.

Jua lilipopanda akaja. Ni kipepeo mkubwa, mweusi, mwenye madoadoa ya manjano, na huyu hana ile mikia ambayo ndugu zake wengine wanayo. Wataalamu wanamwita Papilio demodocus. Alipita juu ya parachichi. Akashuka kwenye mkima mmoja, akaugusa chini ya sekunde, akaondoka. Akagusa mtarakwa, akaondoka kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Alipofika kwenye limau hali ikabadilika. Alitua kwenye jani changa, lile laini la juu ambalo bado linang'aa, na miguu yake ya mbele ikaanza kulipiga haraka haraka, kama vidole vya mtu mwenye haraka kwenye meza ya benki. Kisha akaukunja mkia, akaacha yai moja, dogo, la manjano hafifu. Moja tu. Akahamia mche mwingine.

Yale mapigo ya miguu ndiyo kuonja kwenyewe. Macho ya kipepeo yanamleta karibu: yanaona kijani, yanaona umbo la jani. Kuna utafiti wa Texas wa mwaka 1978 ulioonyesha kwamba kipepeo mmoja wa huko, Battus philenor, hujifunza umbo la jani na kulitafuta hilo kwa muda, kama vile wewe ukitafuta matatu ya njano huoni za rangi nyingine. Harufu nayo inasaidia. Lakini neno la mwisho ni la miguu. Ina vinyweleo vinavyoonja, na vikigusa jani vinatafuta kemikali maalum. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walichunguza binamu wa huyu wa kwetu, Papilio xuthus, wakakipata kipokezi kimoja miguuni mwake kinachoitambua sinefrini, kemikali iliyomo kwenye majani ya jamii ya michungwa. Walipokizima kipokezi hicho, utagaji ulipungua.

Mengi ya makemikali haya, mmea unaaminika kuyatengeneza ili usiliwe. Ni uchungu wa kuwafukuza wadudu. Kwa kipepeo huyu uchungu umegeuka anwani.

Na michungwa yenyewe si ya huku. Ililetwa kutoka Asia. Kipepeo alikuwa hapa kabla yake, akitaga kwenye mimea ya porini ya ukoo huohuo, kama Toddalia, yule mtambaaji wa miiba anayekushika nguo msituni, au Calodendrum, mti wa maua ya waridi wa nyanda za juu. Mgeni alipofika, miguu ilionja ikasema huyu ni wa nyumbani. Kusini mwa Afrika wako wanaotaga hata kwenye shamari, mmea usio na udugu wowote na limau ila kwa baadhi ya mafuta yake. Hasomi jina la mti. Anasoma ladha, na ladha ikifanana, anaamini.

"Kwani unaangalia nini na hivyo viwavi havijaokotwa?" Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na bomba la maji.

"Naangalia vile kipepeo anachagua."

"Anachagua?" Akamtazama yule mweusi, aliyekuwa ameshafika mstari wa sherehe. "Huyo hachagui. Huyo anachagua yangu."

Mama hachukii vipepeo. Anachukia hasara. Mche mdogo ukiwa na viwavi vitatu au vinne unaachwa kijiti, na mteja halipi shilingi 150 kwa kijiti. Lakini aliweka bomba chini akasimama, na kwa dakika kadhaa tukatazama wote wawili bila kusema.

Kitu kilichonikaa siku ile nzima ni hiki: kipepeo hali majani. Hawezi. Mdomo wake ni mrija, unanyonya maji matamu ya maua na basi. Alikula majani alipokuwa kiwavi, katika mwili mwingine kabisa, na sasa anawachagulia watoto chakula ambacho yeye hana hata meno ya kukitafuna. Anagusa juu juu na miguu, anaamua, anaenda. Hatarudi kuona. Na kiwavi kinachoanguliwa, kidogo namna ile, hakina uwezo wa kuhama kwenda kutafuta mti mwingine. Kitakula alichochaguliwa au kife.

Mama hajawahi kuingia ukumbi wa mihadhara. Aliishia darasa la saba. Nilipomaliza kidato cha nne na alama zikatoka, yeye ndiye aliyesema kilimo. Aliionja vipi? Naweza kukwambia. Kulikuwa na afisa wa kilimo aliyekuwa akipita kitaluni na pikipiki, shati safi, kalamu mfukoni, na watu wazima walikuwa wakisimama akiongea. Kulikuwa na kipindi cha redio cha saa kumi na mbili asubuhi. Kulikuwa na mtoto wa jirani aliyesomea hayo na sasa amejengea wazazi nyumba ya mawe. Aligusa hayo yote, akanijazia fomu. Sikubisha. Nilikuwa na miaka kumi na minane na yeye alikuwa amesugua udongo wa mashamba manne.

Sisemi alikosea. Kilimo ni kizuri, hata leo nakisoma kwa hiari yangu, tena bila malipo. Ila nilipofika, sikuweza kukila.

Maagizo ya yule Mmarekani yalikuwa na swali la tatu: je, mama huchagua vizuri kila mara? Hapo niliandika kurasa mbili bila kusimama. Kuna mfano wetu wa hapahapa Kenya, ingawa mdudu mwenyewe si mchavushaji wa maana. Ni yule nondo ambaye viwavi vyake hutoboa mabua ya mahindi. Wanasayansi wa icipe, kituo kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted ya Uingereza, waligundua kwamba nondo huyo akipewa mahindi na mabingobingo anapenda mabingobingo. Anataga huko mayai mengi. Lakini viwavi vikianza kutoboa, nyasi hiyo inatoa utomvu wa kunata, na vingi vinafia humo. Kwa hiyo mkulima anapanda mabingobingo kuzunguka shamba kama mtego, na katikati ya mahindi anapanda desmodiamu, ambayo harufu yake inamfukuza nondo. Sukuma-vuta, wanaita. Wakulima wengi wa upande wa ziwa la Victoria wamevuna kwa njia hiyo. Nami nafurahi kwa ajili yao. Lakini mtazame yule nondo. Hakuwa mvivu, hakuwa mjinga. Alinusa, akachagua kilichonukia vizuri kuliko vyote.

(Kuna na upande wa pili wa shilingi, niliouweka kwa sababu bado nilikuwa na nusu ukurasa wa kujaza. Nondo mkubwa wa jioni, Agrius convolvuli, anataga kwenye viazi vitamu, na viwavi vyake vinene vinakula majani. Mkulima anavikanyaga. Lakini nondo wa jamii hiyo ndio wanaochavusha mipapai; mwanasayansi wetu Dino Martins amewachunguza katika mashamba ya mipapai hapa Bonde la Ufa. Ukiwamaliza wote kwenye viazi, usishangae papai likikataa kuzaa.)

Alasiri maji yaliisha, nikashuka mtoni na mitungi. Pale tunapoteka pana mkuyu mkubwa. Ndio mti aliopanda Zakayo, yule wa Biblia, si huyo unayemfikiria. Makuyu yanaota kwa vishada kwenye shina lenyewe, na tangu utotoni nilikuwa nikiambiwa nisiyale kabla ya kuyapasua. Uzuri wa kuyu, ndani mabuu. Niliwahi kuiandika methali hiyo kwenye insha ya Kiswahili, maana yake unafiki, nikapewa alama zote.

Nilipasua moja changa kwa kucha. Ndani ya kuyu ndiko kuna maua, mamia, yameelekeana kama watu ndani ya kanisa la duara. Na katikati alikuwepo nyigu mmoja, mweusi, mdogo kama chembe ya wimbi, amekufa. Hakuwa na mabawa.

Mabawa yake yalibaki mlangoni. Kuyu lina tundu moja tu, limezibwa na magamba yaliyobanana, na nyigu jike, Ceratosolen arabicus, anajisukuma humo hadi mabawa yanakatika na vipande vya papasi vinabaki. Amebeba chavua kwenye vimfuko vya kifuani, kutoka kuyu alikozaliwa. Akiwa ndani anaitoa, anaipaka kwenye maua, na anataga mayai katika yale maua ambayo mrija wake unayafikia. Mengine yanapona na kuwa mbegu. Kisha anakufa papo hapo. Wanawe wa kiume, ambao hawaoti mabawa maishani, wanapandana na dada zao na kuchimba njia ya kutokea. Wale wa kike wanapita kwenye njia hiyo, wakiwa na chavua, wakitafuta mkuyu mwingine ambao makuyu yake yameanza kutoa harufu ya kuwaita.

Wana siku moja hivi, au mbili, za kuupata. Huko Namibia watafiti walifuatilia vinasaba vya mikuyu ya jangwani, wakachapisha mwaka 2009: nyigu hao hao walikuwa wamebeba chavua hadi kilomita 160, wakipelekwa na upepo. Ni kama kutoka Nairobi hadi hapa Nakuru, kwa mdudu wa milimita mbili, akifuata harufu. Na akifika, anavua mabawa kwa nguvu na kuingia mahali asipoweza kutoka.

Yupo na mwingine, Ceratosolen galili. Jina lake linamkumbuka Galil, aliyefanya utafiti wa mikuyu huku Afrika Mashariki miaka ya sitini pamoja na mwenzake Eisikowitch. Galili huyu anaingia kwa tundu lile lile, anakatika mabawa vile vile, anataga mayai yake. Ila hachavushi. Kuyu linamlea bila kupata hata mbegu moja kutoka kwake. Nilipokuwa nikiandika sentensi hiyo, usiku wa Jumatano, kwa insha ambayo mtu mwingine angeweka jina lake juu, nilicheka peke yangu hadi mbwa wa jirani akabweka.

Nilituma kazi Alhamisi alfajiri, saa mbili kabla ya muda. Asubuhi Mama alinikuta tena kwenye ndoo. Akaniuliza kama nimemaliza kumwangalia kipepeo, nikamweleza. Nilimweleza habari ya miguu, ya mrija, ya mabingobingo. Alisikiliza huku akiokota. Ile ya mabingobingo aliirudia mara mbili, akisema shosho alikuwa nayo kuzunguka mahindi yote kule Molo na hakuna aliyemfundisha. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeridhika:

"Kumbe hayo ndiyo mnasoma chuoni."

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi, ni neno moja.

"Hapana, Mum. Hii ni kazi ya mtu. Nalipwa kuandika. Chuo niliacha."

"Lini?"

"Mwaka wa pili."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu kwa dole gumba kwenye pingili za vidole, muhula kwa muhula, mkono wa pili ukiwa bado umeshika kiwavi. Kiwavi kilikuwa kimetoa pembe.

"Na pesa ya ng'ombe?"

Ile karo iliyopatikana ilikuwa ng'ombe. Alikuwa na mmoja tu, kwa mjomba, Elburgon.

"Nilinunua laptopu. Na nikalipa nyumba miezi miwili."

Gari lilisimama. Mteja, mwanamume wa kofia, alitaka parachichi kumi na mbili. Mama alimwendea, akamchagulia, akamwonyesha kina cha shimo kwa mkono wake, hadi kwenye kiwiko, akamwambia asipande kabla mvua haijashika. Walicheka kitu fulani. Alimsaidia kupakia. Aliporudi alipita mbele yangu kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa.

Alhamisi hakusema nami. Ijumaa pia. Chakula nilikikuta kimefunikwa mezani, cha moto, na yeye yuko nje. Nilifungua kundi la WhatsApp mara kadhaa na kulifunga. Yule Mmarekani alirudisha kazi akitaka marejeo zaidi kwenye sehemu ya mkuyu, nikayaongeza. Akalipa. Shilingi 1,800 ziliingia kwenye M-Pesa, nikamtumia Mama zote. Alizirudisha.

Jumamosi nilienda kitaluni mapema, nikaanza na mistari minne ya nyuma. Kulikuwa na mayai mapya. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu aliposimama upande wa pili wa miche, kanga imefungwa kiunoni, mkebe mkononi.

"Huyo mtoto wa Marekani," akasema.

"Eeh?"

"Analipa karo?"

"Analipa."

"Nyingi?"

"Mingi sana, Mum. Kwa pesa zetu ni mamilioni."

Akainama, akaligeuza jani, akalitazama chini yake.

"Na mama yake anajua ni wewe unamwandikia?"

"Sidhani."

Akanyamaza. Aliangua kiwavi kimoja, cha pili, akavidondosha kwenye maji ya sabuni.

"Maskini mama wa watu," akasema, akaninyoshea mkebe niushike.